Kompyuta Iliyotupigia Kura ya Mwethya

Jumamosi, tarehe 6 Agosti, 1988. Asubuhi baridi, mawingu mazito yasiyo na mvua, upepo wa vumbi kutoka upande wa barabara ya Mombasa. Jua lilitoka saa saba.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu, na chini yake niliacha nusu ukurasa mtupu kwa sababu niliona aibu kuandika yaliyobaki. Sasa nimezeeka kidogo na aibu imepungua, kwa hivyo acha niyaandike. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na nikichanganya mambo msomaji anisamehe. Nitajaribu kusema kila mtu alivyofanya, mimi nikiwemo, bila kumwongezea wala kumpunguzia.

Kompyuta ilikuja kwetu badala ya baiskeli. Mume wangu alikuwa fundi wa umeme wa magari kwenye gereji moja kule Mtito Andei. Nyumbani alikuwa anakuja Ijumaa jioni, Jumapili usiku anarudi kazini. Mwalimu mmoja mzungu wa shule ya sekondari karibu na kwetu alikuwa amemaliza miaka yake miwili na anauza vitu vyake. Nilimtuma mume wangu akanunue baiskeli ya kubebea maji. Akarudi na sanduku la karatasi chini ya kwapa.

Akasema baiskeli ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine.

“Na hii?”

“Hii ni kompyuta.”

“Inabeba mitungi mingapi?”

Akaliweka sanduku mezani, na hata leo sijui kama nilifanya vibaya kumuuliza hivyo mbele ya mama yake. Lakini maji nilikuwa nayabeba mimi.

Ilikuwa kitu kidogo cheusi, si kirefu kuliko kitabu cha nyimbo za kanisa kikiwa kimefunguliwa. Vibonyezo vyake vilikuwa vya mpira, laini kama ufizi wa mtoto. Haikuwa na kioo chake. Uliiunganisha na televisheni, na televisheni yetu mume wangu alikuwa ameiunda mwenyewe gereji kutoka kwa mbili zilizokufa, nyeusi na nyeupe, picha ikiwa imelala kidogo upande wa kushoto. Vyote viwili vilikula betri ya gari. Programu zilikuwa kwenye kaseti za kawaida. Unatia kaseti kwenye redio, unabonyeza, redio inapiga kelele kama dakika nne, na kama kelele zimeingia vizuri mchezo unatokea. Kama mtu amepiga mlango kwa nguvu, unaanza upya.

Mara ya kwanza mama mkwe aliposikia kelele hizo alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza nani anachinja mbuzi bila kumwambia.

“Ni programu inaingia, mwaitu,” mume wangu akamwambia. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na mimi pia nilimwita hivyo.

“Basi iingie ikiwa imekufa. Hii bado inateseka.”

Lakini alikuja kuipenda kutushinda sisi wote. Siku moja mume wangu aliandika mistari miwili, na mama mkwe alipoketi kioo kikamwandikia salamu ya kwetu kwa herufi kubwa: WI MUSEO MWAITU. Hakuwa amesoma sana lakini hiyo aliisoma. Akanyoosha shuka yake, akajibu, “Ni museo,” akangoja. Kuanzia siku hiyo hakupita mbele ya ile televisheni bila kuisalimu, hata ikiwa imezimwa. Watoto wakicheza mchezo wa mtu anayeruka mashimo, yeye ndiye alikuwa anashika kifuniko cha sufuria na kuipepea kompyuta, kwa sababu ikikaa saa moja ilipata moto na ule mtu alianza kuruka kabla hujamwambia.

Mimi nilijifunza kuandika kwa vile vibonyezo. Kimoja kilikuwa kinatoa neno zima la Kiingereza kwa mara moja, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa raha, kwa sababu hakuna aliyeweza kuona kwamba sijui herufi zake.

Sasa niseme kuhusu mwethya. Ni kikundi cha wanawake wanaolimiana. Sisi tulikuwa kumi na wanne kwenye mteremko ule, na wakati wa kiangazi tulichimba mitaro ya kuzuia maji, ile ya kutupa udongo juu, shamba la huyu wiki hii, shamba la yule wiki ijayo. Mwenye shamba anatulisha. Mimi nilikuwa mwandishi, na mzigo wa mwandishi ulikuwa ni kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho. Wiki kumi na nne ni nyingi. Wa kwanza anachimbiwa mitaro ardhi ikiwa kavu na watu wakiwa na nguvu. Wa mwisho mvua inamkuta, kila mtu anakimbilia kupanda kwake, na mitaro yake inabaki nusu.

Zamani tulikuwa tunakunja vikaratasi na kuvitia kwenye kibuyu. Halafu maneno yakaanza kwamba karatasi ya mama mkwe wangu nilikuwa naikunja kona ili nimjue kwa kidole. Naandika kwa haki: sikuwahi kuikunja kona. Lakini pia ni kweli kwamba alitoka mbele mara mbili, na kama ningekuwa mimi ndiye jirani, labda ningesema vile vile.

Mume wangu ndiye aliyesema kompyuta itanisafisha. Mashine haina mama mkwe. Kitabu chake kilikuwa na neno moja la kuiambia ichague namba yoyote, na tukakaa Jumapili nzima na kamusi ya Kiingereza tukaandika programu ya kura. Tulipomaliza tukawaita akina mama waje waione. Kompyuta ilikuwa imewashwa tangu asubuhi. Mume wangu akapiga kura mara kumi mbele yao, na mara zote kumi ilitoka tofauti. Wakakubali. Mwenyekiti wetu, mama mzito mwenye sauti ya kwaya, akasema hii sasa ni kura isiyo na shangazi.

Orodha ya kuipa mashine niliiandika mimi. Niliiandika kwa umri, kwa sababu kwetu huwezi kuandika jina la mtu mdogo juu ya jina la mtu mwenye umri wa mama yake. Namba moja ikawa mama mkwe, mbili mwenyekiti, na kuendelea hivyo. Mimi nilijiweka namba kumi na nne, nikaona nimekuwa mnyenyekevu.

Agosti ya mwaka wa themanini na saba tukapiga kura yetu ya kwanza ya kweli. Ili kuhifadhi betri tuliwasha mashine watu wakiwa wameshaketi. Mama mkwe wangu akatoka wa kwanza na mwenyekiti akatoka wa pili. Akina mama wakacheka, wakasema mashine ina heshima, inajua wazee. Februari iliyofuata tukapiga tena. Wa kwanza mama mkwe, wa pili mwenyekiti. Wakacheka tena, ingawa sasa nakumbuka si wote. Mimi niliandika matokeo kwenye karatasi, nikampa mwenyekiti abandike kwenye mlango wa stoo ya kanisa, na sikuweka nakala. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Mwandishi asiye na nakala ni mtu mwenye kalamu tu.

Wa mwisho mara zote mbili alikuwa jirani yetu wa chini, mjane, shamba lake linagusa mto. Maji ya mteremko wote yanapita kwake. Msimu wa kwanza mvua ilimkuta na mitaro miwili, msimu wa pili na mitatu, na misimu yote miwili mbegu zake zilienda mtoni pamoja na udongo. Alikuja akaazima kunde kwetu za kupanda tena.

Sasa turudi kwa ile Jumamosi. Kura ilikuwa saa nane mchana. Asubuhi saa tatu nilikuwa nafagia uwanja, mume wangu anaunganisha betri, nikamwona mjane anapanda polepole na karatasi mbili mkononi. Zilikuwa orodha zetu, ya Agosti na ya Februari. Alikuwa amezibandua mlangoni kila moja ilipokwisha kazi yake, akatandika nazo chini ya nguo kwenye sanduku lake la bati.

Akanisalimu vizuri, akaniuliza habari za watoto. Halafu akasema binti yake wa darasa la tano amezisoma na ameona kitu, lakini yeye hajui kama mtoto anasoma vizuri.

“Nimeleta kwa mtu wa darasa la saba,” akasema. “Uniambie kama mtoto wangu ni mjinga, nimrudishe la nne.”

Nikazisoma mbili kwa pamoja, kidole kwenye moja na kidole kwenye nyingine. Wa kwanza na wa kwanza. Wa tano na wa tano, ambaye nilikuwa mimi. Wa tisa na wa tisa. Mpaka kumi na nne. Hapakuwa na jina hata moja lililosogea. Masikio yangu yalipata moto, baridi yote ile.

“Mtoto wako anasoma vizuri,” nikamwambia.

“Nilifikiri hivyo.” Akakunja karatasi zake. “Mimi sina ubaya na televisheni yenu, mwandishi. Lakini inamjua mama mkwe wako sana, na mimi pia inanijua.”

Nikamwambia aketi, sijui kilichotokea, na tutakitafuta yeye akiwa papo hapo. Sijui kama aliniamini. Mume wangu alisema haiwezekani, yeye mwenyewe aliijaribu mara kumi. Akawasha, akatia kaseti, tukangoja kelele, akapiga kura. Mama mkwe wa kwanza, mwenyekiti wa pili, mjane wa mwisho. Akapiga tena bila kuzima, ikatoka tofauti. Akatabasamu. Nikamwambia aizime, aanze upya kabisa kama tunavyofanya siku ya kura. Akazima, akawasha, kelele tena, kura. Mama mkwe wa kwanza, mwenyekiti wa pili, mjane wa mwisho.

Tulifanya hivyo mara nne. Mara ya nne hakuna aliyengoja kioo, mjane alikuwa anataja majina yeye mwenyewe kabla hayajatokea, bila kukosea, kama mtu anayesema sala.

Mume wangu alichukua kile kitabu akakisoma akiwa amesimama. Mwishowe akasema kuna ukurasa aliouruka, kwa sababu ulikuwa na hesabu nyingi. Mashine haichagui kweli. Ndani yake ina safu ndefu ya namba zilizochanganywa tayari, kama kitabu cha nyimbo, na kila ukiiwasha inaanza wimbo wa kwanza. Ile Jumapili tuliwaonyesha akina mama wimbo wa ishirini, wa thelathini. Siku ya kura tulikuwa tunawaimbia wa kwanza. Na namba ya kwanza kabisa kwenye safu hiyo ni ndogo mno, kwa hivyo kila mara inaangukia juu ya orodha, pale nilipomweka mama mkwe kwa heshima.

Akasema dawa ipo kwenye ukurasa huo huo. Ni neno moja la kutia mwanzoni, linaifanya mashine ianzie mahali popote, kulingana na dakika ile mtu atakapobonyeza. Akaitia, akajaribu mara tatu kwa kuzima na kuwasha, na mara tatu zikatoka tofauti.

“Sasa imepona,” akasema. “Saa nane tutapiga kura nzuri, na hakuna haja ya kuwachosha watu na mambo ya safu.”

Hakuwa na nia mbaya, naandika hivyo kwa haki. Na mimi kwa dakika moja, au mbili, nilitaka iwe hivyo. Nilifikiria wale waliosema nakunja karatasi kona. Sasa wangesema nimekunja kona ya kompyuta. Nilimtazama mjane nione kama atakubali. Alikuwa anatazama vidole vyake. Nikajua kwamba nikinyamaza hatasema, atarudi na karatasi zake kwenye sanduku, na mimi nitakuwa nimemwibia mara ya tatu nikiwa nimeamka.

Saa nane wakafika wote, wakaketi kwenye mikeka na viti vya kanisa. Nilisimama nikawaambia kabla mashine haijawashwa. Niliwaambia kila kitu, safu, wimbo wa kwanza, orodha ya umri, ukurasa uliorukwa. Nadhani niliongea vibaya na kwa haraka. Nilisema kosa ni letu wawili, na lililo kubwa ni langu, kwa sababu kazi ya kuweka nakala ilikuwa yangu. Nikasema kwamba mwenye hasara ni mmoja, nikamtaja.

Halafu mama mmoja wa nyuma akasema alijua tangu zamani, na mwingine akamwambia hakujua chochote, yeye ndiye alikuwa anacheka kuliko wote. Mwenyekiti akaniuliza kama basi hata yeye hakuwa wa pili kwa bahati. Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa, akasema na vile alivyokuwa ametoa shukrani kanisani kwa ajili hiyo.

Lakini aliyeniuma moyo ni mama mkwe. Alikuwa ameketi karibu kabisa na televisheni, mahali pake, na kifuniko chake cha sufuria magotini.

“Kwa hivyo haikuwa inanijua,” akasema.

“Hapana, mwaitu. Ilikuwa inajua namba moja tu.”

Akafikiri. “Hata ile salamu?”

Mume wangu akasema salamu ilikuwa yake yeye, aliiandika kwa mkono wake. Mama mkwe akamwangalia, akasema basi hiyo si mbaya, na alipokuwa mdogo mwanawe huyo hakusalimia mtu mpaka apigwe. Watu wakacheka na hewa ikarudi.

Mwenyekiti akatoa wazo kwamba safari hii kura isipigwe kwa namba ya kwanza. Wampe mjane, halafu wengine wapigiwe kura. Wengi wakaitikia. Mimi pia niliitikia, nikifikiri jambo limeisha vizuri. Mjane akasimama. Ni mtu mfupi, na alikuwa amevaa sweta la marehemu mume wake lenye mikono mirefu, akaikunja kwanza.

“Mkinipa ya kwanza leo, mwakani mtaniambia mlinisaidia,” akasema. “Sitaki kuhurumiwa. Nataka nipigiwe kura sawa na nyinyi.”

Mwenyekiti akaniangalia mimi, na mimi nikasema ninachokijua, kwamba sasa kila kitu kinategemea dakika ya kubonyeza, na kama ni hivyo abonyeze yeye. Wakakubali wote.

Mume wangu akawasha. Kelele zikapita, watu wakiwa wameziba masikio. Mjane akaonyeshwa kibonyezo. Akanyoosha kidole juu yake, akakiacha pale hewani bila kubonyeza. Tukangoja. Kuku akapita kati ya miguu ya watu. Mtu akasema betri itaisha.

“Mnaniharakisha mnataka dakika yenu,” akasema bila kugeuka. “Mimi nangoja yangu.”

Alingoja mpaka mwenyekiti alipopiga chafya, na hapo hapo akabonyeza.

Wa kwanza akatoka yule mama wa nyuma aliyejua tangu zamani, na hakuwa tayari hata kidogo, akaanza kulalamika kwamba hana mahindi ya kulisha watu kumi na wanne Jumatatu. Mimi nikatoka wa nne. Mwenyekiti wa kumi na tatu. Nilikuwa naandika kwenye daftari langu safari hii, na karatasi ya mlangoni baadaye. Nilipofika la sita likawa jina la mjane, nikahesabu wiki kwa vidole na nikaona itakuwa katikati ya Septemba, kabla ya mvua yoyote.

Akaja akainama juu ya daftari akahakikisha ni jina lake.

“Sita si kumi na nne,” akasema, akaenda kuketi.

Mama mkwe alitoka wa kumi na moja. Alingoja watu watawanyike. Ndipo akaniita jikoni akafunua karai mbili zilizofunikwa kwa gunia. Kwa vile alikuwa wa kwanza kila mara, hakungoja kura. Tangu Alhamisi alikuwa ametwanga mahindi ya muthokoi ya kulisha mwethya mzima, ameyapepeta na kuyaloweka, na yaliyolowekwa hayawezi kurudi kwenye gunia.

Tukapima karai moja tukampelekea yule mama wa nyuma, akaacha kulalamika. Karai ya pili tukaipika sisi. Jioni tulikula muthokoi na mbaazi na vitunguu vilivyokaangwa, mume wangu, mama mkwe, watoto na mimi, na mjane aliyeitwa arudi na binti yake wa darasa la tano. Mtoto huyo alikula sahani tatu. Jumapili asubuhi tulikula muthokoi tena, na mchana.